Mkono wa Kushoto Juu ya Usukani

Mimi ni mtu wa bastola. Nasema mapema ili asiyependa aachie hapa, maana hata kanisani wapo wanaonisalimia kwa jicho la pembeni. Jumamosi wenzangu wengine huenda kuvua samaki, wengine hulala mpaka jua liwachome kupitia dirishani. Mimi huenda kiwanja cha kulenga shabaha, upande wa Okolona hapa Louisville, jimbo la Kentucky, si mbali na maghala tunakobebea maboksi wiki nzima. Navaa viziba masikio, natundika karatasi yangu, na kwa saa moja nakuwa mtu mtulivu. Saa nyingine zote za wiki siko hivyo.

Siwezi kutulia kwenye kiti. Mke wangu anasema nyumba yetu ya mtaa wa Shively ina milango miwili lakini mimi naifunga minane. Nikiangalia mpira nasimama, nikila nasimama, nikisali nafungua jicho moja. Ila kule kiwanjani kuna utaratibu: unavuta pumzi, unaitoa nusu, unabana kidole taratibu, halafu karatasi inakuambia ukweli. Nikirudi nyumbani natandika taulo mezani, nafungua kila kipande, nasafisha mtutu, napaka mafuta. Mke wangu alidai taulo yake irudi kabatini, nikanunua yangu. Hiyo ndiyo starehe yangu na sioni aibu.

Watu huniuliza: wewe uliyekimbia bunduki ukiwa mgongoni mwa mama yako, wewe uliyekulia kambi ya wakimbizi kule Kigoma, unakipendaje kitu hicho? Nawajibu kwamba ndiyo sababu yenyewe. Utoto wangu wote silaha ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, nami nilikuwa naiangalia kutoka chini. Nilitaka nijue uzito wake. Nilipoishika mara ya kwanza, nikiwa tayari raia wa Marekani, nilishangaa kuona ni nyepesi kuliko nilivyodhani.

Kuhusu polisi nilikuwa na maoni yangu, na sikuyaficha. Nilisema polisi ni kama refa. Anaweza kukosea, anaweza kukupa kadi usiyostahili, lakini ukimfokea mchezo unaharibika na kadi inabaki pale pale. Pale kiwanjani wapo askari wanaokuja kufanya mazoezi siku yao ya mapumziko. Tunaazimana kalamu, tunacheka, mmoja alinionyesha namna ya kushika vizuri zaidi. Nilirudi nyumbani nikiwa na kiburi cha wiki nzima.

Binti yangu hakukubali hata neno moja la hayo. Ana miaka kumi na tisa, yuko chuoni, na hunijibu kwa Kiingereza hata nikimuuliza chumvi iko wapi. Majira yale ya joto, mji wetu ulipojaa maandamano ya kuwapinga polisi, alikuwa bado yuko sekondari, akaenda kuandamana na bango alilolichora kwenye boksi nililoleta mwenyewe kutoka kazini. Mimi nikachukua gari na bastola yangu, nikazunguka mitaa ya katikati ya mji mchana kutwa nikimtafuta. Nilipompata alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara na wenzake, wanakula machungwa. Nilimfokea mbele yao. Njiani nikamhubiria habari za refa, kuanzia taa ya kwanza mpaka mlangoni kwetu.

Aliposhuka alisema, safari hii kwa Kiswahili ili nisipate kisingizio, "Baba, refa hana bastola."

Niliongea sana siku ile baada ya hapo, mpaka chakula kikapoa.

Tulikuwa na ugomvi mwingine, wa zamani zaidi, na huo nilikuwa naushinda kila mara. Kwetu Warundi mtu hapewi kitu kwa mkono mmoja kama mbwa anayetupiwa mfupa. Unanyoosha mkono wa kulia na wa kushoto unashika hapa, juu kidogo ya kifundo au kwenye kiwiko, kumwonyesha mwenzako kwamba unamheshimu. Kambini hiyo haikuwa adabu tu. Ukimpa afande kadi ya mgao kwa mkono mmoja, unaambiwa rudi mwisho wa foleni, au unapigwa kofi kwanza ndipo urudi. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka mitano na sikuwahi kusahau. Binti yangu amezaliwa Kentucky, anakupa simu, sahani, funguo, vyote kwa mkono mmoja huku anaangalia kwingine. Nilimkemea miaka yote. "Mkono wa pili uko wapi?" Alikuwa ananigeuzia macho.

Mwaka jana, majani yalipoanza kuanguka, mama yangu alipiga simu kutoka Buffalo, anakokaa na dada yangu. Alisema anataka kumwona mjukuu kabla ya theluji, kwa sababu theluji ya kule inajua kufunga mlango. Wikiendi ile ile timu yetu ya maveterani wa Louisville ilikuwa na mechi Columbus, ambako ni njiani. Nikapanga safari moja: Jumamosi mpira, Jumapili Buffalo.

Binti yangu alikubali kwa sharti moja. "Hiyo kitu iwe ndani ya kisanduku, kisanduku kiwe kwenye buti, na kiwe na kufuli. Siku utakayosimamishwa na polisi ukiwa nayo mwilini, mimi sitakuwa ndani ya gari hilo. Wala siku nyingine yoyote sitapanda."

Nikamwambia, "Nimekubali, mwanangu." Hata hivyo isingefika Buffalo, maana kibali changu cha Kentucky jimbo la New York halitaki hata kukisikia. Kawaida yangu ni kukiacha kisanduku kwa binamu yangu Columbus na kukichukua nikirudi. Sheria hizo nazijua kuliko nyimbo za kwaya.

Asubuhi ya safari niliweka kisanduku kwenye buti mbele ya macho yake, nikafunga kufuli. Kilikuwa kitupu. Bastola ilikuwa kiunoni, upande wa kulia, chini ya jezi. Sina sababu nzuri ya kutoa. Bila ile kitu kiunoni safari ndefu inanitoa jasho, naanza kuangalia vioo, nageuka geuka. Nilimdanganya mtoto wangu ili niweze kukaa sawasawa kwenye kiti.

Tulikuwa tumeshavuka Cincinnati, kweupe kabisa, taa za rangi zikawaka nyuma yetu. Sikuogopa. Naomba nieleweke, sikuogopa hata kidogo, nilifurahi. Nilijiona kama mwanafunzi aliyeletewa mtihani aliousomea. Nikaegesha kando, nikazima gari, nikateremsha kioo, leseni na karatasi za bima nikaziweka mapajani, mikono yote miwili juu ya usukani. Nikamwambia binti, "Leo utaona ninavyokuambia."

Yeye alikuwa ameshaweka viganja vyake juu ya dashibodi. Hakuna aliyemwambia.

Askari alikuwa kijana, pengine hakumpita binti yangu kwa miaka mingi. Alisema taa yangu ya breki ya kushoto haiwaki. Nami, kama nilivyofundishwa, nikamwambia kwa Kiingereza changu chote cha heshima kwamba nina kibali na kwamba bastola iko kiunoni kwangu, upande wa kulia.

Nilisikia pumzi ya binti yangu ikikatika. Hakunitazama. Kioo cha mbele kilikuwa na mdudu aliyepondeka, amebanduka nusu, na yeye alimkazia macho mdudu yule.

Askari akasema vizuri tu, niache mkono wa kushoto juu ya usukani, nimpe leseni kwa mkono wa kulia, polepole. Nilielewa kila neno. Nikaichukua leseni, nikaunyoosha mkono wa kulia kuelekea dirishani. Na mkono wa kushoto ukatoka kwenye usukani. Sikuutuma. Ulitoka wenyewe, ukapita mbele ya tumbo langu kwenda kushika mkono wa kulia, kama ulivyofanya mbele ya kila afande tangu nina miaka mitano.

Askari aliona mkono unakwenda kiunoni. Alipiga kelele, "Mikono! Mikono!" akaruka nyuma, na mkono wake ukawa tayari kwenye silaha yake. Ilitoka. Naijua aina ile, nimeishika kiwanjani. Sikuwahi kuiangalia kutoka upande huo tangu kambini. Leseni ilianguka barabarani. Mikono yangu ilibaki hewani na sikujua niipeleke wapi, kila mahali palikuwa pabaya.

Binti yangu ndiye aliyesema. Hakupiga kelele, viganja vyake havikutoka kwenye dashibodi, na sauti yake ilikuwa ile anayotumia kumsomea mama yangu barua za hospitali kwenye simu. Alimwambia, "Bwana, huyo anakuheshimu. Kwao ndivyo wanavyompa kitu mtu mkubwa. Baba anakuheshimu tu." Akarudia mara tatu. Mara ya tatu sauti ilipasuka.

Sijui ilichukua muda gani. Magari yalikuwa yanapita. Askari alishusha silaha, akaniambia nishuke taratibu, akaichukua bastola yangu, akaiweka juu ya paa la gari lake wakati anahakiki karatasi. Kisha akanirudishia vyote na onyo la taa. Akasema pole. Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu asante.

Niliifungia bastola kwenye kisanduku, pale pale kando ya barabara, huku binti anaangalia. Sikumwambia samahani. Aibu ilinizidi. Kutoka pale mpaka Columbus alisema sentensi moja tu, kwa Kiingereza, akitazama mahindi yaliyokauka nje: "Angekufa mtu mwenye adabu."

Mechi tulifungwa tatu kwa moja na siwezi kusimulia hata goli letu. Mimi hucheza beki wa kulia na hujulikana kwa kubishana na refa mpaka wenzangu wanishike jezi. Siku ile refa alinipa kadi ya njano kwa kosa la mtu mwingine. Nilirudi nyuma hatua mbili nikaweka mikono mgongoni, halafu nikaitoa haraka mgongoni, nikaiacha ining'inie. Wenzangu waliuliza kama naumwa.

Kisanduku nilimwachia binamu, anayepanga kule Northland. Kiko chini ya kitanda chake mpaka ninapoandika haya, funguo ninazo mimi. Kila mwezi anauliza nitakifuata lini. Namwambia wiki ijayo. Bado naipenda bastola yangu, siwezi kudanganya mara mbili, na Jumamosi mikono inaiwazia. Lakini nikiifikiria, nakumbuka mdudu yule kwenye kioo.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kuondoka Columbus, tulipita duka la Waafrika pale Morse Road, tukamnunulia mama dagaa wa Tanganyika na unga wa muhogo, kisha tukashika njia. Binti alipanda gari. Nilikuwa nimeangalia bei ya basi lake kimyakimya kwenye simu, maana sharti lilikuwa sharti. Alisema anapanda kwa ajili ya bibi yake. Njia nzima niliufundisha mkono wangu. Nilikuwa nampa chupa ya maji kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeukaza kwenye usukani mpaka vidole vinauma. Nampa chenji, wa kushoto hapo. Nampa simu, wa kushoto hapo. Aliona. Alipokea kila kitu.

Buffalo ilikuwa siku ya mpira wao, ule wa kubeba mikononi. Mtaani kwa dada yangu watu wazima walikuwa nje na jezi, na jirani mmoja, kwa desturi ya mashabiki wa kule, alijirusha kutoka juu ya gari lake hadi kwenye meza ya plastiki, meza ikavunjika, wakashangilia. Siku nyingine ningekuwa na maoni marefu juu ya mchezo usiojua mguu. Nilipita tu.

Mama alikuwa ameketi kwenye kochi, kitenge magotini, amekuwa mdogo kuliko simu ilivyonionyesha. Nilipiga goti, nikamsalimia. Kisha nikampa mfuko wa dagaa.

Hakuupokea. Aliutazama mkono wangu wa kulia, akautazama wa kushoto, uliokuwa umekakamaa kando ya paja langu, ngumi imefungwa. Mama huyu ndiye aliyenifundisha, kwenye foleni ya mgao, akinishika mkono na kuuweka pale unapopaswa kukaa.

"Mwanangu," akasema, "umeumia mkono?"

Binti yangu akapiga goti kando yangu. Akauchukua mfuko kutoka kwangu, akaunyoosha kwa bibi yake kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akaushika pale pale, juu ya kifundo, vizuri kabisa, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

"Ndiyo, bibi," akamjibu kwa Kiswahili. "Ameumia."