Siku Tatu Ng'ambo ya Banda Langu

Mwanangu unayetaka kufungua biashara, kaa nikusimulie. Nakumbuka siku moja pale Dumila, penye njia ya kwenda Kilosa, nilipomponza mwanamke mwenzangu akafukuzwa kazi, nami nikijiona mjanja.

Nilikuwa na banda la chakula nililoachiwa na mama. Nilipika wali, maharage na nyama kama yeye, na mabasi ya Dodoma yalisimama mbele yangu. Kisha Mama Rehema akafungua lake, la tatu kutoka langu, na kabla mahindi ya mwaka ule hayajavunwa abiria wengi walikuwa wanakimbilia kwake. Sufuria zangu zilirudi nyumbani zimejaa. Mume wangu akaanza kusema tulifunge tu, turudi shambani Berega. Sikutaka kuwa mtu aliyelizima jiko la mama yake.

Mama Rehema alikuwa na mpishi, Zuhura, ambaye mimi naye tulizoea kusukana nywele. Nikamlainisha kwa kitenge anieleze mambo ya jikoni: wanatia viungo gani, nyama wanaitoa wapi, kesho watapika nini. Akanieleza, nikapika vilevile. Abiria hawakurudi. Ila Mama Rehema aligundua, akamfukuza Zuhura mbele ya watu, mwiko ungali mkononi.

Aliyenikanya ni Mzee Mlugu, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kitenge kimempendeza Zuhura?"

Nikainamisha kichwa.

"Haya, nikuulize jepesi. Basi likisimama hapa, abiria wanapewa muda gani?"

"Sijui, babu."

"Sahani zako zinarudi tupu au zina chakula?"

"Sijaangalia."

"Bizari ya mwenzio unaijua, mteja wako humjui! Vuta ndoo hiyo ukae hapa siku tatu. Tazama kwako kama unatazama kwa watu."

Nikakaa, na aibu yangu, banda nimemwachia mume wangu. Siku ya kwanza niliwaona abiria wangu wachache waliobaki wakila huku macho yao yakiwa kwenye basi. Honi ikilia, wanaacha nusu sahani na kukimbia. Kwa Mama Rehema hakuna aliyeketi. Wali ulikuwa umeshafungwa kwenye vikopo vyenye mfuniko, mtu ananyoosha mkono, anaondoka. Siri niliyoinunua kwa kitenge haikuwa jikoni kabisa. Ilikuwa barabarani, kila mwenye macho aliiona.

Siku ya pili ilikuwa ya mnada wa mifugo. Wafugaji wenye asili ya kanda ya ziwa walikuwa wamefika tangu asubuhi na familia zao, wamesimama juani wakisalimiana, hawana pa kukaa. Siku ya tatu nikawafuata vijana wanaopakia mahindi kwenye malori, nikawauliza waziwazi wanakula wapi.

"Kula?" mmoja akacheka. "Mama, mabanda yenu ni ya watu wenye mikoba. Sisi tunashindia miwa ya Ruaha."

Jioni ile nikayaweka pamoja yote niliyoyaona na kuyasikia. Abiria hana muda, na Mama Rehema amemshika vizuri. Mpakiaji na mfugaji wana muda na wana njaa, hawana wa kuwapikia. Nikawaacha abiria waende kwake. Nikatengeneza mabenchi mawili na kuanza kupika ugali mkubwa na maziwa ya mgando. Jiko la mama halikuzimika.

Lakini Zuhura? Nilikwenda kwa Mama Rehema kusema kwamba kosa ni langu, amrudishe.

"Nimekusikia," akasema bila kuacha kufunga vikopo vyake. "Ila simtaki tena. Umemharibu wewe, mchukue wewe."

Nikamchukua. Tulipika pamoja mpaka nywele zetu zikawa nyeupe, na sikumuuliza tena hata neno moja la jiko la Mama Rehema.

Siku hizi mjukuu wangu anayesoma biashara huko Morogoro ananiambia jambo hili ni taaluma kamili, linaitwa intelijensia ya ushindani. Nilipomwomba anieleze, nikaiona ndoo ya Mzee Mlugu. Ni kukusanya kwa njia ya haki habari za washindani wako, wateja wako na soko lako, kuzipima uone zina maana gani, kisha kuzifanyia uamuzi. Ukikusanya usipime, una umbea tu. Ukipima usiamue, umejichosha bure. Na ukihonga mtu akupe siri, hapo umeshatoka kwenye taaluma umeingia kwenye wizi, na atakayeumia kwanza ni yule aliyekuamini. Wala lengo si kumuiga mwenzio. Unamtazama ili ujue nafasi yako iko wapi.

Mwanangu, usiogope mshindani. Mungu akupe macho ya kuona na moyo safi wa kutumia ulichokiona, na jiko lako lisizimike. Kesho, kabla hujabadilisha bei wala kibao, chukua ndoo, vuka barabara, ukae siku tatu ukilitazama banda lako.