Kifungo cha Koti Mdomoni

Kifungo kikidondoka kwenye sakafu ya saruji kina mlio wake. Kinagonga, kinaruka, kisha kinaviringika hadi uvunguni, na hapo lazima upige magoti ukitafute. Wiki iliyopita nilikuwa nashona shati la shule la mwanangu, kifungo kikaniponyoka, na kabla hakijatulia midomo yangu ilikuwa imeshajibana yenyewe. Mwanangu akaniuliza, "Mama, umekasirika?" Wala sikukasirika. Ni mazoea tu, na mazoea hayo niliyapata utotoni, tena kwa jasho.

Tulikaa Nyegezi, upande wa juu wa stendi, kwenye nyumba iliyobanana na mawe makubwa. Baba alikuwa Msukuma wa Bujora, mfanyakazi wa kiwanda cha samaki. Mama alikuwa Mhaya, fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani ili wateja wasisumbuke kubisha hodi. Mimi ndiye Kabula wao, na mdomo wangu ulikuwa wazi. Sisemi kwamba nilikuwa na maneno mengi, ingawa hilo nalo siwezi kulikataa. Nasema ulikuwa wazi muda wote: nikisoma, nikicheza, nikikodolea macho wapita njia. Kile kipindi vidudu vya ziwani vinapopanda kwa wingi na kuingia mpaka majumbani, watoto wenzangu walifumba midomo na kukimbia. Mimi nilivila. Vina uchungu, tena vinanata kooni, sina hamu navyo.

Nikilala nilikoroma. Baba alidai kuna siku jirani alimuuliza kama tumenunua mashine ya kusaga.

Mwishowe nilipelekwa hospitali, wakasema nina nyama za puani, zikaondolewa. Nilirudi nyumbani nikanyweshwa maziwa baridi na kila mtu akajua mambo yamekwisha. Hayakwisha. Pua ilifunguka, lakini mdomo haukufunga. Nilikuwa nimeshazoea kupumulia mdomoni, na usiku kukoroma kukawa palepale.

Ndipo tukatumwa kwa daktari wa meno, mama mmoja mrefu mwenye vidole vya baridi. Nilimwamkia, "Shikamoo daktari," akaitika marahaba huku tayari ananichungulia mdomoni. Alimweleza mama taratibu, na mimi nikisikia. Misuli ya midomo imelegea kwa sababu haijawahi kufanya kazi. Ulimi umelala chini, wakati mahali pake ni juu, kwenye kaakaa. Mtoto akikua hivyo taya linabaki jembamba, meno yanakosa nafasi, na hewa haipiti vizuri akilala. "Dawa ya hii si ya kumeza," akasema. "Ni mazoezi. Kila siku, asubuhi na jioni, na wewe mama ndiye mwalimu." Mama akauliza, "Na usiku je?" Daktari akajibu kwamba usiku utafuata mchana. Nilimwona mama akishusha pumzi, nikadhani amechoka kukaa kwenye benchi.

Mazoezi yenyewe ukiyasikia ni ya kuchekesha. Kulikuwa na kubandika ulimi wote juu kwenye kaakaa na kuuachia ghafla mpaka ulie "kloko!" Kulikuwa na kujaza maji mdomoni, kufunga midomo, na kuzunguka uani nikipumua kwa pua, nisimeze wala nisiteme. Kulikuwa na kutafuna mdomo ukiwa umefungwa, adhabu kubwa kwangu, maana nilizoea kula na kusimulia kwa wakati mmoja.

Halafu kulikuwa na kifungo. Mama alichagua kikubwa cha koti kutoka kwenye kopo lake, akakifunga uzi mgumu na kuuzungushia kwenye kidole chake nisije nikakimeza. Kifungo kilikaa mbele ya meno, nyuma ya midomo. Mama alivuta uzi, mimi nilibana. Mwanzoni kilichomoka hata kabla hajavuta, kikaanguka "ta!" na kuviringika, na sisi wawili tukapiga magoti chini ya cherehani kukisaka. Tuliyafanya hayo barazani, mbele ya watu. Mteja mmoja alikuja kuchukua gauni lake akanikuta uzi umenitokeza mdomoni, akasema, "Mama Kabula, huyo sato umemvua leo?" Nilicheka, kifungo kikaruka mpaka barabarani.

Sasa mnaweza kuuliza mtoto wa miaka tisa alipata wapi uvumilivu wa mambo hayo. Jibu ni Bujora. Kila likizo ya mwezi wa sita watoto wa baba mkubwa walikusanyika kwa bibi. Mavuno yamekwisha, ngoma zinapigwa, wachezaji wanashindana mpaka vumbi linafunika watu, na watoto wote wanalala chumba kimoja wakipiga soga mpaka waamriwe kulala. Mimi nilipelekwa asubuhi na kurudishwa jioni. Sikuwahi kulala huko hata mara moja. Nililia, nikanuna, nikamtuma baba aniombee. Mama alikuwa na jibu lilelile: "Siku utakayolala mdomo umefungwa, utakwenda."

Nilijua sababu yake, au nilidhani najua. Mama ananionea aibu. Hataki wakwe zake wa Kisukuma wasikie binti wa Kihaya amezaa mtoto anayekoroma. Niliumia jamani, tena sana, na kwa hasira hiyo nikabana kifungo.

Kitu kingine kuhusu mama: alikuwa mtu wa kusinzia. Alisinzia kanisani wakati wa mahubiri, akasinzia juu ya cherehani na kushona mkono wa blauzi ukafungwa kabisa. Maharage aliyaunguza hata tukazoea ladha hiyo. Baba alimtania, "Huyu ukimwonyesha ukuta tu, anaegemea, kaondoka." Asubuhi nikiamka nilimkuta kwenye stuli karibu na kitanda changu, kanga mabegani. Nikadhani ni mtu wa kuamka mapema.

Bibi alikuja kututembelea akitokea Bujora na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa mpaka vikawa vigumu. Alimkuta mama ananipondea ndizi kwenye sahani. Mama alifanya hivyo tangu nikiwa mdogo, kwa huruma, kwa kuwa nilipotafuna nilikosa pumzi. Bibi akaangalia sahani, akaniangalia mimi. "Mtoto ana meno, mnampa chakula cha kibogoyo?" Mama akashtuka kwa Kihaya, "Mawe! Mama, atakabwa." Bibi akasema basi akikabwa yeye yupo hapa. Kipande kimoja cha tobolwa kilinichukua karibu mchana mzima, mdomo umefungwa, mashavu yanauma, pua inafanya kazi yake. Wakwe wawili walikaa pembeni wakinitazama nikitafuna. Jioni mama aliomba mfuko ubaki. Ndizi alipika kama kawaida, ila kuponda akaacha.

Miezi ikapita. Kifungo kikawa kinagoma kutoka, mama anavuta mpaka kichwa changu kinamfuata. Vidudu vya ziwani vikarudi na mimi sikula hata kimoja. Likizo ilipokaribia, asubuhi moja mama hakuwa kwenye stuli. Alikuwa jikoni anapakia nguo zangu kwenye mfuko. "Utapelekwa na baba yako," akasema. "Utalala kwa bibi." Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka nje.

Bujora ilikuwa yote niliyoitamani. Watoto wa baba mkubwa hawakunicheka, walinililia niwafundishe kupiga "kloko" ya ulimi, na tulipoipiga wote kwa pamoja ng'ombe wa babu waliacha kula. Usiku wa kwanza bibi alileta mkeka wake akalala mlangoni mwa chumba chetu. Tulinung'unika, maana soga zilikufa. Asubuhi nikamsikia akiongea kwenye simu kwa sauti ya kupita kiasi, kana kwamba Nyegezi inaweza kusikia bila simu: "Kalala kimya! Mdomo kafunga! Ndiyo, mpaka kumekucha!" Usiku uliofuata alirudi kitandani kwake.

Niliporudi nyumbani nilitegemea mama ananisubiri barazani. Baba akanipokea anacheka. "Mama yako tangu bibi apige simu ni kulala tu. Mpaka kanisani hakwenda." Nilimkuta kitandani mchana kweupe, amelala fofofo, hata mlango haukumshtua. Nilikasirika, siwezi kuficha. Mimi nimemkumbuka siku zote hizo, kumbe mwenzangu alikuwa anastarehe. Nilimnunia mpaka kesho yake, naye aliniuliza kama matobolwa yamebaki.

Miaka mingi nilibaki na kinyongo hicho kidogo. Kisha nikapata mtoto, naye mwezi uliopita akaanza kukoroma. Kukoroma kwenyewe hakukunitisha. Kilichonitisha ni kinachofuata: anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Hakuna pumzi. Unasubiri, mkono wako uko kifuani kwake, unasema sasa, sasa, na hiyo pumzi haiji, kisha inakuja kwa kishindo na wewe ndipo unapumua. Nilivuta stuli. Nilijifunika kanga. Ilipofika asubuhi nilikuwa bado hapo, na ndipo nikatambua nimekaa pa nani.

Nilimpeleka hospitali, na kabla ya kitu kingine nikampigia mama. Nikamuuliza, "Mama, enzi zile nakoroma, wewe ulikuwa unalala saa ngapi?"

Alicheka. "Nililala ulipokwenda Bujora," akasema.

Wala hakusubiri nijibu. Akauliza kama mtoto anaacha mdomo wazi hata mchana, nikasema ndiyo, akaniambia nikamsikilize daktari kwanza, halafu nitafute kifungo kikubwa, cha koti, na uzi mgumu, na nisisahau kuuzungushia kidoleni.