Wanafunzi wangu walitolewa darasani ili inspekta asiwaone

Admin, ficha jina langu na la shule. Mengine yote yaache kama nilivyoyaandika.

Kuna sauti moja haijanitoka: mapanga yakikata majani nyuma ya ukuta wa darasa langu, huku mimi nimesimama mbele ya ubao na inspekta ameketi nyuma ananitazama. Waliokuwa wakikata ni wanafunzi wangu.

Nina miaka ishirini na saba, sijaolewa, ninafundisha hisabati katika sekondari moja hapa Lubumbashi. Serikali bado haijaanza kunilipa kama mwalimu wake. Ili faili yangu isonge mbele ninahitaji alama nzuri ya mwaka, na alama hiyo inatolewa na mkuu wa shule, ambaye hapa kwetu tunamwita prefe. Prefe wetu ni mwanamke. Alinifundisha nilipokuwa msichana, ndiye aliyeniita nije kufundisha kwake, na mbele ya watu ananiita binti yake. Ninamchukia. Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena.

Katika darasa langu kuna watoto wa karibu na shule, ambao nyumbani wanaongea Kifaransa na wazazi wao, na kuna wale wanaotembea kutoka Kasungami, wengine wametoka kwanza shambani. Hawa wa Kasungami hesabu wanazifanya, ila Kifaransa kinawakwama mdomoni, na shuleni kwetu Kifaransa ndiyo akili.

Asubuhi ya ukaguzi niliingia darasani nikifuatana na inspekta na Mama Prefe. Nusu ya madawati yalikuwa na sura za darasa la jirani. Wa Kasungami hakuna hata mmoja. Nikauliza swali la kwanza, na mikono yote ikainuka kwa pamoja, mingine ya kuume, mingine ya kushoto. Nilielewa palepale, kwa sababu Mama Prefe alitufundisha mchezo huo sisi wenyewe, zamani: anayejua jibu ainue mkono wa kuume, asiyejua ainue wa kushoto, mwalimu achague wa kuume tu, na mgeni aone darasa la ajabu.

Ndipo nikasikia mapanga. Aliwatoa watoto wangu, akawapeleka salongo, kazi ya kusafisha uwanja, ili wasionekane. Sikufikiri. Nilifungua mlango nikaita: "Ngosa! Muache ile mapanga, muingie bote!"

Waliingia na jasho na majani miguuni, wakasimama kando ya ukuta kwa kukosa nafasi. Mama Prefe alicheka kicheko kifupi akamwambia inspekta: "Hawa ni wa salongo, usijali." Inspekta akamtazama Ngosa, msichana mwembamba aliyekuwa mbele ya wenzake.

"Weye, uko wa darasa hii?"

"Ndiyo, Papa Inspekta. Kiti yangu njo ile anaikalia huyu."

Darasa likacheka. Inspekta hakucheka. Aliniambia niendelee, nikaendelea. Nilimwita Ngosa ubaoni, akakosea, nikamrudisha, akapata. Baadaye inspekta aliingia ofisini kwa Mama Prefe, akala kuku na bukari, ugali wa kwetu, aliyoandaliwa, akapanda gari. Hakuuliza neno. Nilikuwa nimemngoja aulize.

Mama Prefe aliniita gari lilipotoka tu.

"Miye nilikufundisha hesabu, leo unanifundisha kazi?"

"Mama, bale beko batoto ba darasa yangu."

"Bakifungua kinywa ni Kiswahili tu! Ulitaka inspekta aandike nini?"

"Aandike yenye aliona."

"Eh! Aandike yenye aliona! Mumuone Mama Ukweli!"

Alisema kwa sauti kubwa, makusudi. Tangu siku hiyo chumba cha walimu hakina jina lingine langu. "Mama Ukweli, leta chaki." "Mama Ukweli, tuambie ukweli, hii mukate ni ya leo?" Watu niliokuwa nikiwasahihishia mitihani yao wakiugua.

Kisha ikaja alama: ya chini kabisa. Sababu, utovu wa adabu. Mama Prefe akaniambia, kwa upole, kwamba inaweza kubadilika. Jumatatu, baada ya bendera, nisimame mbele ya shule nzima niombe radhi, niseme wale watoto walitoroka somo langu kwa hiari yao. Inspekta alikuwa ameuliza, kumbe, kwa simu, na alihitaji kujibiwa. Mimi ningepata alama yangu. Wao wangefukuzwa kwa muda, halafu, ninavyomjua, asingewarudisha.

Mama yangu alinishika mikono: "Binti yangu, sema tu. Ni maneno. Mungu anayua roho yako." Najua wengi wenu mtaandika hivyohivyo hapa chini. Dada, kubali, kila mtu anafanya, kwanza upate kazi ndipo uwatetee. Nimeyasoma maoni yenu kwenye visa vya wengine. Mnapenda sana mtu akubali.

Nilipoanza kuandika kisa hiki ilikuwa Jumapili, na nilitaka kuwauliza nifanye nini. Sikukituma. Leo ni Jumanne.

Jana bendera ilipopanda nilisimama. Katika uwanja ule hairuhusiwi kusema ila Kifaransa. Nilisema Kiswahili, ili na mlinzi wa lango asikie: "Habakutoroka. Mama Prefe njo alibatosha mu darasa." Aliniamuru ninyamaze. Nikarudia kwamba ni yeye aliyewatoa, nikawataja mmoja mmoja kwa majina yao.

Na leo asubuhi nimekwenda mwenyewe ofisini kwa inspekta, nikaomba kwa barua nikaguliwe upya, mimi na darasa langu zima, kila mtoto kwenye kiti chake. Katibu wake aliisoma, akaniangalia usoni, akagonga muhuri wa kuipokea.