Gari la Chini Kwenye Njia ya Makaburini

Haya nimeyakwepa sana, hata barazani wakiyagusa mimi nainuka nakwenda kutawadha na udhu ninao, kwa hiyo leo nayaandika mwenyewe kwa hati yangu hii mbovu, mtakaocheka mcheke.

Mimi nimezeeka nikitengeneza mashine za boti huko deltani (shule niliiacha darasa la tatu, msinidai nukta), na nilipohamia Kibiti mikono ikawa inaniwasha, nikataka gari, si la kubebea kitu, la kuliendesha nikafurahi na kulifungua nikalifunga. Dalali akanionyesha mawili yaliyokwishatumika. Moja pikapu, lililoinuka, bovu kidogo tu. La pili la spoti, jekundu, milango miwili mirefu, limelala chini utadhani linasujudu. "Mzee, hilo ni la vijana wa mjini," akasema. Basi hapo hapo nikalitaka hilo.

Mdogo wangu Zuhura wa Dimani, ndugu pekee wa tumbo moja niliyebaki naye, alilizunguka akasema, "Kaka, hili utaliingia au utalivaa?" Nikacheka. Alikuwa anaumwa tayari. Siku hiyo ndiyo aliyoniambia kwamba akifa nimshushe mimi kaburini, si mtu mwingine, kwa kuwa mwanamke hupokewa na maharimu wake, wanaume wa damu yake, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto. Nikamwahidi.

Akafa wakati wa masika. Tukamswalia Dimani, jeneza likainuliwa, na mwanawe Shabani (mtu mzima, ana mke na watoto) akaniambia, "Mjomba, liache gari hapa, tutembee polepole." Nami magoti yananiuma na, niseme kweli, nilitaka pia watu walione, nikamjibu, "Natangulia, mtanikuta kaburini."

Njia ya makaburini kule imechimbwa na ng'ombe na maji ya mvua mpaka imekuwa mfereji, kingo zinafika kiunoni, katikati tuta. Pikapu lingepita. Langu likapanda tuta kwa tumbo, magurudumu yakawa yanarusha tope tu, na milango ile mirefu nikiisukuma inagonga ukingo, haifunguki hata upenyo wa paka. Kioo cha dirisha kikashuka kiganja kimoja kikagoma (nyaya zake nilizichokonoa mwenyewe wiki ile, eti natengeneza). Nyuma yangu nikasikia watu wanakuja na jeneza, La ilaha illa Llah, halafu wakanyamaza.

Shabani akaja ukingoni na jiwe mkononi. "Mjomba, jikinge uso, navunja kioo."

Wangapi mngesema vunja? Mimi nikasema, "Subiri kidogo, kioo cha gari hili hakipatikani."

Akanitazama kupitia ule upenyo. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Nyuma mtu akasema, "Mabega yanachoka, na mvua hiyo inakuja." Mwingine akauliza, "Nani huyo ndani?" akajibiwa, "Kaka wa marehemu." Shabani akaliweka jiwe chini taratibu. "Basi kaa, Mjomba," akasema. Nikamwita, vunja, vunja sasa, lakini alikwisharudi kwenye jeneza.

Wakapita juu, ndani ya mihogo ya watu. Gari liko chini, njia yenyewe iko chini, kwa hiyo nilichoona ni miguu, kandambili na pindo za kanzu zilizolowa, na mdogo wangu sikumwona, alipita juu ya kichwa changu. Nikakipiga kioo kwa kiwiko mpaka kiwiko kikavimba. Spana zote zilikuwa kwenye buti. Nikabaki nimekaa mle, nasikia majembe.

Shabani ndiye aliyemshusha, naye ni mwanawe, hakuna aliyekosea ila mimi. Waliporudi wakalinyanyua gari nami nimo ndani, wanaume wazima wanaguna, mikono ingali na udongo wa kaburi, mpaka pakavu, mlango ukafunguka. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo linaloniuma, maana mtu akikucheka bado mko pamoja. Nilipofika kaburini nikakuta limeshamwagiwa maji.

Siku hizi msiba ukinifika, hata uwe Mloka, nashuka kwenye bodaboda mbali nafika kwa miguu, na jeneza likiinuliwa nimo nyuma yake, magoti yaume yanavyotaka. Nimeapa hivyo na nakitimiza kiapo. Ila aliyekuwa wa kushushwa na mimi alikuwa mmoja tu.