Penisilini ya Watu wa Milimani

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kumgusa mgonjwa hata mmoja. Vita vya Hitla vilikuwa havijaanza, nami nilikuwa kijana wa Iyula niliyetoka shule ya misheni, nimevaa kaptula mpya na kujiona daktari kamili. Bwana Dresa Mkuu wa hospitali ya wilaya alinitazama kuanzia utosini mpaka vidoleni, kisha akanikabidhi jiwe la kunolea na bakuli la sindano.

“Noa,” akasema. “Ukimaliza, chemsha. Ukimaliza kuchemsha, niletee nizijaribu kwenye ngozi yako.”

Nilidhani ananitania. Hakuwa na utani yule mzee.

Ninyi wa leo mnatupa sindano baada ya kumchoma mtu mmoja. Sindano zetu zilitumika mpaka zikafupika, na zilipokuwa butu aliyeumia ni mgonjwa. Dresa, kwa asiyejua, alikuwa mtu aliyefundishwa kufunga vidonda, kuchanganya dawa za maji tulizoziita mikscha, na kuchoma sindano. Hatukuwa madaktari. Lakini vijijini daktari mwenyewe alionekana kwa nadra, hivyo watu walituita madaktari nasi tulinyamaza tu, tukaitika. Mpaka leo sijaona mtu aliyeweza kunoa sindano kunishinda, na anayebisha aje na jiwe lake.

Nilihamishwa hapa na pale. Kutoka hospitali ya wilaya nilirudishwa kwetu Iyula chini ya dresa aliyenitangulia kazini, nikapelekwa Igamba, na vita vilipokwisha nikapewa dispensari ya kijiji karibu na Itaka niiendeshe peke yangu. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na paa la nyasi. Niliifagia kama kanisa.

Wajukuu wangu wakinionyesha kadi zao za bima, hudhani kwamba wakati wa Mwingereza tulitibiwa bure. Nani alikuwa na cha bure? Wanaume walilipa kodi, na sehemu ya kodi hiyo ikaingia katika Hazina ya Wenyeji, mfuko uliosimamiwa na baraza la machifu wetu. Humo ndimo zilimotoka fedha za kununulia dawa za dispensari. Mgonjwa hakuulizwa senti mlangoni, ni kweli. Lakini sanduku la dawa likiisha kabla ya mwaka kwisha, basi tena. Unabaki kumpa mtu pole na maji ya chumvi.

Ugonjwa uliotusumbua kuliko yote ulikuwa buba. Ni vidonda vinavyoambukizwa kwa kugusana, na mara nyingi huanza utotoni. Vikiachwa muda mrefu huhamia kwenye nyayo, zikawa ngumu na kupasuka, mtu akashindwa kukanyaga. Dawa yetu ilikuwa bismathi, sindano ya bei nafuu, ila ilitakiwa kuchomwa kila wiki kwa majuma mengi. Hapo ndipo tulipokwama. Sindano za mwanzo zilikausha vidonda, na mtu aliyeona ngozi yake imekauka humrudishi kwa maneno matamu. Alikwenda zake shambani. Baada ya miezi alirudi na vidonda zaidi ya vile vya kwanza, tukaanza upya, na Hazina ikalipa upya.

Pale Itaka nikatafuta dawa ya watoro. Aliyeanza sindano aliacha jembe lake kwangu mpaka amalize. Kwetu sisi Wanyiha, jembe si kitu cha kuacha na kusahau. Ukuta wa nyuma wa dispensari ulijaa majembe, kila moja na alama ya mwenyewe kwenye mpini, na msimu wa kulima ukifika nilikubali kubadilishiwa: huyu aliacha ngoma, yule mkuki, mzee mmoja akaniachia kiti chake cha miguu mitatu na kuja kukikalia kila wiki. Akina mama walinicheka: “Bwana Dresa amefungua duka!” Nikawaambia wacheke, lakini wiki ijayo nawataka hapa. Nao walikuja. Buba ilipungua Itaka, na sifa zangu zikafika mpaka bomani.

Ndipo alipokuja Daktari Bingwa wa Magonjwa ya Ngozi. Alikuwa Mwingereza mwembamba, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kushaurika. Alikuja na penisilini ya mafuta, dawa nzito iliyohitaji sindano nene, na kila mwenye buba aliyemwona alimwandikia hiyo. Sindano moja, na mtu akapona. Nasema kweli, niliipenda dawa ile mpaka nikaiota. Lakini bei yake! Masanduku tuliyopewa kwa mwaka mzima yaliisha hata mahindi hayajabeba. Karani wa Hazina, mtu wa miwani na suti, akaanza kusema kila mahali kwamba daktari yule anaandika dawa kama anayemwagilia bustani kwa mto wa mwenzake.

Nilikuwa nikifuatana naye vijijini kama mkalimani, na katika safari yetu ya mwisho mwaka ule tulipanda vilima vya kuelekea Ileje. Kwenye uwanja wa kanisa dogo alitujia mjane mmoja aitwaye Tabita. Alivuka uwanja ule kwa magoti, ameyafunga vipande vya ngozi ya mbuzi. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Tulitazama ndani ya sanduku, hamkuwa na kitu.

“Mwaka ujao, mama,” daktari akasema, nami nikatafsiri. “Sindano ya kwanza itakuwa yako.”

“Mwaka ujao ni mbali, Bwana,” Tabita akajibu. “Shemeji yangu analima shamba la marehemu. Mwaka jana alisema ananisaidia. Mwaka huu anasema ni lake. Nisiposimama nikalima mwenyewe masika yajayo, wanangu watakula wapi?”

Kufika kwenye dispensari ya karibu kulimchukua mtu mwenye miguu mizima kutwa nzima. Kwa magoti, kila wiki?

Baraza lilipokutana kupanga fedha za mwaka mpya, daktari aliitwa ajieleze, nami nikaenda kama mkalimani wake. Karani wa Hazina alisimama, akainamisha kichwa mbele ya Mwene, yaani chifu wetu, akasema:

“Mwene, dawa hii ya bei ifutwe kabisa. Ushahidi ninao. Pale Itaka, Bwana Dresa huyu huyu anaponya buba kwa bismathi na majembe. Kama majembe yanatosha Itaka, yatatosha kila mahali.”

Wazee wakapiga makofi, wengine wakanigeukia kwa tabasamu. Maisha yangu yote sijasifiwa namna ile, na sijapata kuumia kwa sifa namna ile. Akilini nilimwona Tabita kwenye uwanja ule wa kanisa na vipande vyake vya ngozi. Nikapiga moyo konde, nikaomba ruhusa niseme kwa kinywa changu mwenyewe.

“Mwene, nashukuru. Majembe yanatosha Itaka kwa sababu watu wa Itaka wanakuja kwa miguu yao. Kule milimani yupo mama anayetembea kwa magoti. Nimwambie aache jembe gani, mtu aliyeshindwa hata kufika shambani?”

Mwene akauliza, “Unataka nini basi, mwanangu? Fedha ndizo hizi.”

“Bismathi kwa walio karibu, na majembe nitawafundisha madresa wenzangu. Penisilini iwe ya watu wa mbali na wasioweza kutembea. Hapo itatosha mwaka.”

Nilipomtafsiria daktari, uso wake ukawa mwekundu. “Unaniomba nimwandikie mgonjwa dawa iliyo duni?” akaninong’oneza.

“Nakuomba, Bwana Daktari, umwandikie ile atakayoimaliza. Ukikataa, leo hii wataifuta dawa yote, na yule mama tumemdanganya.”

Alikaa akikunja na kukunjua kofia yake. Mwishowe akainuka, akasema kwa Kiswahili chake kibovu, “Mimi nakubali.” Mwene akagonga fimbo chini, na Karani akaandika huku amefunga midomo. Njia nzima ya kurudi daktari alitangulia mbele, kofia ameikandamiza kichwani. Lakini tangu siku ile aliandika dawa kwa kuuliza kwanza, “Huyu anakaa wapi?” Madresa wa wilaya nzima walijifunza swali hilo kutoka kwake, naye alilijifunza kwangu. Sioni haya kulisema.

Masanduku mapya yalipofika, tulipanda tena vilimani kabla ya mvua. Sindano ya Tabita niliinoa mwenyewe, nikamchoma mwenyewe, naye hakukunja hata uso.

Nimestaafu miaka mingi sasa. Nimehudumia serikali ya Mwingereza na serikali yetu, nimepewa cheti na saa ya ukutani iliyokwishasimama. Vijana wa uuguzi wakinitembelea huwaambia kwamba dawa ya bei kubwa si adui na ya bei ndogo si aibu. Mjue tu mgonjwa wenu analala wapi na amefikaje. Hunisikiliza kwa adabu, kisha huuliza kama ni kweli nilinyang’anya watu majembe.

Huniuliza pia siku gani ilinifurahisha kuliko zote. Nilikuwa nachemsha sindano pale Itaka, masika yamekwisha, mwanamke akabisha hodi na kapu la ulezi kichwani. Nikamkaribisha, nikamuuliza anaumwa nini.

“Siumwi, Bwana Dresa. Nimekuletea ulezi wa shambani kwangu.”

Nikamwambia anisamehe, simkumbuki. Akacheka mpaka kapu likatikisika, akanitajia jina lake. Ningemjuaje? Tabita alikuwa mrefu kuliko mimi.