Hodi Kwenye Mji wa Shaba

Wahenga wamesema mavi ya kale hayanuki. Hawakuwahi kusimama adhuhuri ya kiangazi katika ule mji wa shaba uliokufa, ng'ambo ya mabonde ya Ibra, ambako mavi ya shaba, ile takataka nyeusi iliyobaki baada ya mawe kuyeyushwa, yametapakaa tangu zama asizozijua mtu. Yalinuka moshi na kutu, na makali yake yalitoboa kandambili zangu. Mbele yetu palikuwa na nyumba za mawe zisizo mapaa, na juu mgongoni mwa mlima makaburi ya kale, mviringo kama mizinga ya nyuki. Baada ya hapo ni nyika tupu. Nilikuwa na miaka tisa, na nilipachukia kabla sijateremka garini.

Ilikuwa miaka ya sabini. Baba alikufa Unguja, mimi na mama tukaja nchi ya Waarabu walikotoka wazee wake, kufikia kwa Ami, kaka yake baba. Tulitaka kitu kimoja tu: aende kwa sheikh wa kabila akashuhudie kwamba mimi ni binti wa nduguye. Bila ya ushahidi huo nisingepata uraia, na tungerudi tulikotoka. Ami akiahirisha. Leo anavuna tende, kesho ni zamu yake ya maji ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia mashamba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi letu tulilishika miezi minne, mama akiwafulia na kuwapikia, na wanawe wakiiga Kiarabu changu na kucheka.

Ijumaa moja alitupakia kwenye pikapu yake pamoja na wanawe, akatuonyeshe, alivyosema, kazi ya watu wenye asili. Wanawe walizivamia zile nyumba kama mbuzi. Mama alisimama penye nafasi ya mlango, akajitengeneza mtandio, akasema "Hodi" kwa sauti ya kawaida, kama aliyekwenda kwa jirani. Akangoja. Ami, aliyewahi kuwa na duka Unguja na Kiswahili akikijua vizuri, alicheka mpaka akashika ukuta, na wanawe wakacheka naye.

"Unamwomba ruhusa nani, mjusi? Na mambo haya ndiyo nikamwambie sheikh kuwa ni ya kwetu?"

"Alonifunza ni nduguyo, shemegi," mama akajibu, hata hakugeuka. "Akisema nyumba ya watu haiingiwi kimya, hata wenyewe wakiwa wamekufa. Na yeye alifunzwa na mama yenu. Wewe hukuwepo siku hiyo?"

Wanawe waliacha kucheka, wakamtazama baba yao. Tukapanda pikapu, tukarudi. Kesho yake Ami alikwenda kwa sheikh, akashuhudia. Sijui ilikuwa aibu au hamu ya kutuona tunaondoka, kwa sababu aliporudi alikuta mama anapepeta mchele, akamwambia karatasi zitakuja, na mlango ni ule pale.

Shule niliiacha mapema. Nimezunguka Sur, Nizwa, Izki, nikishona na kupika popote palipokuwa na kazi, nikiuliza habari za kila gofu nililoliona njiani. Mji wa shaba sasa una barabara ya lami na kibao, na wageni hupanda juu ya kuta wapigwe picha. Mwaka jana nilirudi, nikapiga hodi kwenye kila mlango, mmoja baada ya mwingine. Njiani nikapita kwa Ami. Amekufa, wanawe wamehamia nyumba za saruji, na ile yake ya udongo, tulimokaa, imeporomoka. Akutendaye mtende. Niliingia moja kwa moja mlangoni, nikatokea upande wa pili, na sikupiga hodi.