Jina la Pili Juu ya Mpunga

Mkwe wangu alimrudisha binti yangu kwangu, kijijini Mwamkulu, akiwa na mtoto mgongoni. Akasema mbele ya majirani, "Nyie ndio mliomlea, kaeni naye." Akawasha pikipiki. Niliapa kumlipiza, nikasubiri miaka minne.

Mjukuu alipofikia umri wa kujifunza kuandika, nilijitolea mimi. Ulikuwa msimu wa kuanika mpunga. Tulikaa kando ya turubai, nikamshika kidole, tukachora herufi juu ya mpunga. Jina lake la kwanza alilijua kwa siku tatu. La pili, mahali pa jina la baba yake, nilimfundisha langu.

"Baba, cheti cha mtoto hakisemi hivyo," binti yangu alisema. Nikamwambia aangalie ugali wake jikoni usiungue.

Siku moja mkwe akaja na pipi mfukoni. Nikamwambia mtoto, "Mwandikie mgeni majina yako."

Akaandika. Mkwe akasoma, akasimama.

"Mzee, umefanya nini hapa?"

"Si ulisema tukae naye? Tumekaa naye."

Aliondoka bila kutoa hata zile pipi. Nilicheka mpaka nikakohoa, na sitadanganya, jioni ile nilikula vizuri.

Januari mtoto akaanza darasa la kwanza. Siku ya nne mwalimu akaniita shuleni. Kila asubuhi mjukuu wangu aliandikwa mtoro, na huku ameketi dawati la mbele. Darasani walikuwa watatu wenye jina lake la kwanza, kwa hiyo mwalimu aliita na majina ya baba zao, kama yalivyo kwenye vyeti. Wenzake walikuwa wameshambandika jina: Hayupo.

"Halii," mwalimu alisema. "Anangoja tu aitwe."

Hapo ndipo nilipojua nimempiga nani. Mkwe alikuwa kwake, anakula na kulala.

Sikwenda kumwomba radhi, wala sitakwenda. Ninamchukia hadi leo. Lakini siku hiyohiyo nilifungua daftari, nikaushika mkono wa mtoto, tukaanza kuandika jina la baba yake. Ncha ya penseli ikavunjika. Nikachonga, ikavunjika tena.

"Babu, unakandamiza sana. Niachie."

Nikamwachia. Nikamtajia herufi moja moja, nimegeukia ukutani, naye akaandika.